Kumsomea Mgonjwa na Kusomea Ugonjwa

Bismillahir Rahmanir Rahim

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetupa akili, akaifanya kuwa sharti la kila ibada. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Maneno haya niliyasema kwa mara ya kwanza likizoni, katika darsa fupi baada ya swala ya Alasiri, nyumbani kwetu Rwezamenyo. Ndugu wanaoshughulikia jarida letu wakaniomba niyaandike. Nimeyaongeza kidogo. Na lile jambo moja ambalo pale msikitini niliona haya kulitaja, hapa nimelitaja.

Mwaka 2024, tarehe 7 Aprili iliangukia katika kumi la mwisho la Ramadhani. Aliyekulia Kigali hahitaji kuelezwa tarehe hiyo. Ndiyo siku tunayoanza kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Usiku huo, tukiwa katikati ya tarawehe, mama mmoja upande wa wanawake alipiga ukelele, kisha mwingine, kisha pumzi ikawa haimwingii. Kwetu Rwanda hali hii ina jina lake, ihahamuka, na ukilisikiliza neno lenyewe ni kana kwamba mapafu yamemkimbia mtu. Huwapata wengi katika siku zile. Lakini neno lililotoka kwanza msikitini halikuwa hilo. Lililotoka ni "jini".

Imamu alipotoa salamu niliitwa. Kwetu ukishasema unasoma masomo ya Kiislamu chuoni, unaitwa ustadh kabla hujahitimu, na unaitwa kwa kila jambo. Nilivuka pazia nikakuta watu wanne wamemshika mikono na miguu, wawili wao wanaume. Nikainama karibu na sikio lake, nikaanza kusoma kwa sauti ya juu. Kadiri nilivyopandisha sauti ndivyo alivyozidi kupiga kelele, nami nikachukulia kelele hizo kuwa dalili kwamba jini anaungua. Nilikuwa nimeona video za namna hiyo.

Dada yangu, binti wa mama mkubwa, ni muuguzi. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka zamu. Alipofika alisema, "Mwachieni mikono." Akawageukia wanaume, "Kaka zangu, tokeni." Kisha mimi: "Na wewe ustadh, ukitaka kusoma, soma kimyakimya, au kasome nje." Akakaa kwenye mkeka kando ya yule mama, bila kumgusa, akaanza kumwambia polepole kwa Kinyarwanda: mama, uko msikitini Rwezamenyo, huu ni usiku wa Ramadhani, mimi ni binti wa fulani unanijua, hapa tumebaki wanawake watupu, hebu uguse huu mkeka. Akarudia. Akarudia tena. Baada ya kama robo saa pumzi ikarudi. Yule mama akaomba maji. Kisha akauliza, kwa aibu, kama mtandio wake ulikuwa umeanguka mbele ya watu.

Nilikuwa nyuma ya pazia nilipolisikia swali hilo, na nikaikumbuka hadithi ambayo sote tumeisoma. Ibn Abbas (r.a.) anasimulia habari ya mwanamke aliyekuwa na kifafa, aliyemjia Mtume (s.a.w.) kumwambia kwamba huanguka na nguo humfunuka. Mtume akampa hiari: asubiri apate Pepo, au amwombee apone. Akachagua kusubiri, akaomba tu aombewe asifunuke. Akaombewa hilo. Wamepokea Bukhari na Muslim. Mara zote nilizoisoma hadithi ile niliichukulia kuwa hadithi ya subira. Usiku ule niliona na jambo jingine ndani yake: mgonjwa aliulizwa anataka nini, na alichokitaka ni kusitiriwa. Sisi tulikuwa hatujamuuliza yule mama lolote. Na mtu aliyewahi kushikwa kwa nguvu na wanaume, katika mwaka ule, humtulizi kwa kumshika na wanaume.

Simaanishi kwamba kusoma ruqya ni makosa. Ruqya ni Sunna, Qurani ni ponyo, na majini tunayaamini kwa sababu Mola wetu ametuambia yapo. Nasema kwamba Kiswahili chetu kina maneno mawili yanayofanana sana, kumsomea mgonjwa na kusomea ugonjwa, na katika mtaa wetu tunayo ya kwanza kwa wingi, ya pili karibu hatuna.

Sasa lile nililoonea haya.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika mwezi wa Shaabani, kijana wa jirani alinijia. Ni dereva wa pikipiki, umri wangu. Aliwahi kulazwa Ndera, akatoka na vidonge vya asubuhi na jioni, akarudi kazini, akawa mzima kabisa. Swali lake lilikuwa jepesi: Ramadhani inaingia, kidonge cha asubuhi nifanyeje? Ningeweza kumwambia sijui. Ningeweza kumwambia kwamba Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kufuturu. Badala yake nilimwambia Ramadhani yenyewe ni dawa, aviache vile vidonge vinavyomlewesha, akeshe kwa Qurani, na Mwenyezi Mungu atamtosha. Nilimwambia kwa yakini kabisa. Nilikuwa mwaka wa pili.

Akaviacha vyote, vya asubuhi na vya jioni. Akakesha. Wiki ya kwanza watu walimsifu kwa ibada. Wiki ya pili alikuwa halali tena hata mchana, anazungumza bila kupumua, na siku moja alimpa mtu asiyemjua pikipiki yake barabarani, akamwambia ni sadaka. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkopo. Kabla ya mwezi kuisha walimkuta kituo cha mabasi cha Nyabugogo akiwahutubia abiria, hana viatu. Mama yake alikula Idi kwenye benchi la hospitali. Akawa anawaambia watu mwanawe amepatwa na hasadi ya majirani, nami jirani nikawa naitikia.

Baadaye nilimweleza dada habari hii yote. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba swali lile lilikuwa la dakika tano. Vidonge vingi vinaweza kusogezwa, kimoja baada ya futari na kingine baada ya daku, au vyote usiku, mradi daktari wake akubali. Kuna dawa ambazo mfungaji wake lazima achungwe sana, kwa sababu mwili ukikaukiwa maji dawa huzidi damuni. Kuna sindano za kila mwezi, na sindano kama hiyo, isiyo chakula, wanazuoni wengi wa zama zetu wamesema haifunguzi. Na kwa mgonjwa wa aina ile, akasema, jambo ambalo usimnyang'anye kamwe ni usingizi. Mimi ndilo nililoanza kumnyang'anya.

Hadithi inayonihusu iko katika Abu Daud, na wameipokea pia Nasai na Ibn Majah. Maana yake ni kwamba anayejitia utabibu, naye hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini wa madhara atakayosababisha. Naijua hadithi hii. Tuliisoma katika fiqhi, mlango wa dhamana, ikaja katika mtihani, nikaijibu vizuri.

Ndugu zangu, tunaposema faradhi kifaya mara nyingi tunakumbuka swala ya jeneza. Imamu Ghazali, katika mlango wa elimu wa kitabu chake Ihyaa, ameutaja utabibu kuwa ni faradhi kifaya: mji ukikosa wa kuusimamia, wote wenye uwezo wanapata dhambi. Kisha analalamika, na malalamiko yake, ingawa yeye amefariki mwaka 1111, ni kama aliyaandika akiwa amekaa kibarazani kwetu. Anasema iko miji mingi ambayo haina tabibu ila asiye Mwislamu, na bado watu hawaendi kusomea utabibu, wanasongamana kwenye fiqhi, hasa ile ya mabishano. Hebu tuhesabu. Katika vijana wa mtaa wetu ninaowajua, walio katika masomo ya dini ndani na nje ya nchi hawatoshi vidole vya mikono miwili. Waliokwenda kusomea maradhi ya akili mpaka ngazi ya juu hawahitaji hata kidole kimoja. Wagonjwa wetu wanapelekwa Ndera, hospitali iliyoanzishwa na shirika la mabruda wa Kikatoliki zaidi ya miaka 50 iliyopita, mahali ambapo Aprili 1994 wagonjwa na waliokimbilia humo waliuawa, na ambapo baada ya hapo kazi ilianza upya. Tunawashukuru, na wanastahili shukrani. Lakini shukrani haituondolei faradhi.

Tena Ghazali hakuwa anasema mambo ya watu wengine. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkubwa kuliko wote Baghdad, ulimi wake ulifungika. Alijaribu kufundisha na neno halikutoka. Chakula hakikupita. Matabibu waliomtazama walisema shida imeanzia moyoni ndiyo ikashuka mwilini, na amelieleza jambo hilo mwenyewe, bila kuficha, katika kitabu chake cha Munqidh. Huyu ndiye tunayemwita Hujjatul Islam. Kwa hiyo anayemwambia ndugu yake kwamba huzuni nzito ni upungufu wa imani, amweleze kwanza Ghazali. Na kabla yake amweleze Nabii Yaakub (a.s.), ambaye Suratu Yusuf inatuambia macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni, naye ni Nabii.

Ukubwa wa jambo lenyewe umepimwa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili uliofanywa Rwanda mwaka 2018 ulikuta kwamba karibu mtu 1 kati ya 5 ana angalau tatizo moja la akili, na miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari ni zaidi ya nusu. Sonona, ile tunayoiita agahinda gakabije, ilikuwa asilimia 12 kwa watu kwa jumla na 35 kwa manusura. Namba iliyonikaa mimi ni nyingine. Watu 6 hivi kati ya 10 walisema wanajua pa kwenda kutafuta msaada. Waliokwenda ni kama 5 kati ya 100. Pa kwenda wanapajua, basi, ila hawaendi. Na wengi wanaobaki nyumbani wanapita kwanza kwetu, kwa imamu, kwa ustadh, kwa mzee mwenye kombe na zafarani.

Hapo ndipo penye habari ya dada. Ana shahada ya kwanza ya uuguzi, na amefanya kazi miaka kadhaa. Siku chache baada ya usiku ule aliniambia, "Mdogo wangu, nilichokifanya pale ni cha robo saa. Kile kila mtu anaweza kufundishwa. Yule mama anahitaji mtu wa kukaa naye kila wiki kwa miezi, anayejua aulize nini na lini asiulize. Mimi hicho sijui." Katika hospitali zetu za wilaya madaktari bingwa wa akili ni wa kuhesabu, na mara nyingi anayebeba huduma hiyo ni muuguzi. Daktari hupita, muuguzi ndiye yupo saa nane usiku. Kwa hiyo anataka kurudi shule. Chuo Kikuu cha Rwanda kinafundisha uuguzi wa afya ya akili kwa shahada ya kwanza. Yeye ameelekeza macho Muhimbili, Dar es Salaam, ambako wana shahada ya pili ya fani hiyo: miaka miwili, darasani na wodini, dawa na namna zinavyofanya kazi ubongoni, matibabu ya mazungumzo, watoto, waraibu wa pombe na dawa za kulevya, na utafiti wa kuandika mwenyewe. Kenya nako wauguzi waliokwisha kuhitimu hurudi kusomea maradhi ya akili pale Mathari, hospitali iliyoanza mwaka 1910. Uingereza, nimeona, viko vyuo vinavyompokea hata mwenye shahada ya fani nyingine, akasoma miaka miwili akawa muuguzi wa afya ya akili. Nilipolisoma hilo nilikaa kimya muda mrefu nikiitazama shahada yangu.

Nyumbani limezuka neno. Mama mkubwa amesema, "Mwanangu akasomee vichaa, nani atamwoa?" Mjomba amesema muuguzi atawashika wanaume. Wengine wamesema mwanamke hasafiri peke yake.

Kwa mjomba nimejibu kwa hadithi ya Rubayyi bint Muawwidh (r.a.) iliyo katika Bukhari, anayeeleza jinsi wao wanawake walivyotoka vitani pamoja na Mtume (s.a.w.), wakiwanywesha watu maji na kuwatibu majeruhi. Na Rufaida wa kabila la Aslam aliwekewa hema msikitini Madina, na Saad bin Muadh (r.a.) akapelekwa kwake alipojeruhiwa vita vya Handaki. Walikuwa wanaume wale. Kuhusu safari sitatoa fatwa, sijafika huko; nitasema tu kwamba wanazuoni wamekhitilafiana, na wako walioruhusu penye amani na wenzake waaminifu. Nitaongeza kwamba sikuisikia hoja hii dada yetu mwingine alipokwenda Dubai kuchukua nguo za duka.

Kwa mama mkubwa sikuwa na jibu la haraka. Nilimsimulia hadithi ya Anas (r.a.), iliyo katika Muslim. Mwanamke mmoja, ambaye akili yake ilikuwa na kitu, alimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba ana haja naye. Mtume hakumcheka na hakumpeleka kwa mtu mwingine. Akamwita kwa heshima, mama wa fulani, akamwambia achague njia yoyote aipendayo ili amtimizie haja yake. Wakasimama pembeni mwa njia mpaka akamaliza haja yake. Mama mkubwa alinyamaza. Akasema, "Basi ndiyo kazi anayoitaka huyu?" Nikamwambia ndiyo, karibu yote ni hiyo.

Na sisi tulio katika masomo ya dini tunalo la kufanya ambalo halihitaji tuache fani yetu. Mtu akitujia na mgonjwa tumsomee, na papo hapo tumuulize kama amefika hospitali, kama anatumia dawa, na tumwambie kwa kauli iliyo wazi kwamba asiache dawa kwa neno letu. Tujue kituo cha afya cha mtaa na jina la anayeshughulikia akili pale. Tumwambie kwamba mituweli inamhudumia na huyu pia. Tusimfunge mtu. Tusimpige mtu kwa madai ya kumpiga jini. Qalamu imeondolewa kwa aliyeondokewa na akili mpaka arejewe nayo, hivyo alivyosema Mtume (s.a.w.); vipi fimbo ibaki?

Wazee wetu waliyatoa haya mfukoni. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, ya mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Ile ya Arghun mjini Aleppo, ya 1354, iliwajengea nyua zenye maji yanayotiririka, watulie. Zote zilikuwa wakfu. Mtu alitoa maduka yake, mashamba yake, kodi ikawalisha wagonjwa.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mama wa yule kijana nikamwambia kwamba si hasadi, ni mimi. Nilikuwa nimejitayarishia maneno, sikuyatumia. Alinitazama muda mrefu. Kijana mwenyewe alikuwepo, ametulia, amenenepa kidogo kwa dawa, akaniletea chai. Mama akaniuliza maswali mawili tu. La kwanza, kama nimewaambia na wengine waache vidonge. Nilimwambia wawili, na kwamba wote nimeshawarudia. La pili lilikuwa juu ya dada, maana habari zake zimeenea: "Na akienda, atarudi? Au atafanya kama wale wanaokwenda Ulaya?"

Nilimpelekea dada swali hilo. Alisema anataka kurudi, ila hataapa. Nimeliandika jibu lake kama alivyolitoa.

Fomu zake ziko tayari isipokuwa ada ya mwaka wa kwanza, na nauli ya basi la kupitia Rusumo. Jumuiya yetu imekubali kufungua daftari kwa ajili yake, na kwa muuguzi mwingine yeyote wa kiume au wa kike atakayetaka njia hiyo. Linashikwa na mweka hazina, kila Ijumaa baada ya swala, mlango wa upande wa wudhu. Anayetoa huandikwa kiasi, jina si lazima. Na mwenye ndugu ambaye amekuwa akimleta kwetu asomewe na hajampeleka popote pengine, anione mimi kabla ya Ijumaa, tutampeleka pamoja.